Bakuli la Kwanza la Kumbikumbi

Theodosia Niyonzima alikuwa na vidole virefu, mgongo ulionyooka kama kafungiwa ubao, na jeuri ya kuamini kwamba binadamu anaweza kutengenezwa upya, mradi umpate mapema na umkalishe kwenye benchi linalofaa. Jeuri hiyo ndiyo iliyompandisha na ndiyo iliyomwangusha, na hakuna sababu ya kuipamba.

Alizaliwa kijijini upande wa Kibondo, mtoto wa Warundi waliovuka mpaka mwaka sabini na mbili wakiwa na sufuria moja na mbuzi aliyefia njiani. Alipokuwa darasa la tatu kuku wa mwalimu walipotea, mtu akasema Warundi ndio walioiba, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja. Kuku walipatikana baada ya wiki, walikuwa wamehamia kwa jirani. Theodosia alikaa peke yake mwaka mzima. Mambo kama hayo watu wazima huyasahau, wakayacheka kwenye misiba. Yeye hakusahau, wala hakucheka.

Piano alijifunza misheni, kwa sista mzee Mswisi aliyemchapa rula kwenye vifundo vya vidole kila alipokosea. Alikosea mara chache. Akapelekwa Nairobi kusoma muziki, akarudi na vyeti vyake, akawa mpiga piano wa kuajiriwa Dar es Salaam: kumbi za hoteli, karamu za mabalozi, harusi za wenye nazo. Alipiga sonata za Wajerumani waliokufa zamani, na watu walitafuna sambusa. Miaka kumi na moja ya kutafuniwa sambusa. Siku moja mke wa balozi alimfuata akamwomba apunguze sauti kidogo kwa sababu mbwa wake anashtuka. Theodosia akaumaliza wimbo kwa sauti ile ile, akafunga kifuniko, na mwezi uliofuata alikuwa kwenye treni ya Kigoma, na nyuma yake, kwenye behewa la mizigo, piano ya mkono wa pili iliyofungwa magodoro.

Watu wa Kasulu walidhani amefukuzwa kazi. Mtu anayeacha hoteli yenye kiyoyozi na kuja kukaa kwenye chumba kimoja kando ya barabara ya Kibondo lazima kaharibu mahali. Aliwaacha waseme. Alikuwa na shabaha moja: watoto wawili kwenye benchi moja, mmoja kutoka kijijini na mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu, mikono minne kwenye piano moja. Darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kupiga peke yake. Ukitaka kujifunza, unakaa na mtoto ambaye mama yako amekukataza kukaa naye, na msiposikilizana hampigi kitu, mnapiga kelele. Hilo ndilo lililokuwa somo, na sonata ilikuwa kisingizio.

Kigango cha kanisa kilimpa ukumbi wake kila Jumamosi. Kwa kuwa kambini hakuna piano, fundi seremala mmoja wa Kasulu aitwaye Abdalah alimpasulia mbao laini, akamchorea juu yake vibao vyeupe na vyeusi kwa rangi ya milango. Watoto walizibeba mbao hizo hadi kwenye vibanda vyao, wakafanya mazoezi wiki nzima bila sauti, kucha zikigonga mti. Rangi ilipofutika walizirudisha. Theodosia hakuweza kuzitupa wala kuziwasha moto. Kila ubao ulikuwa na alama za vidole vya mtoto anayemjua. Akazipanga ukutani nyuma ya piano, rundo likapanda mwaka hadi mwaka mpaka likamfika kifuani.

Nyuma ya ukumbi huo kulikuwa na kichuguu cha Mzee Tharsisi.

Kichuguu kwa watu wa huko kina mwenyewe, kama migomba ilivyo na mwenyewe. Hiki Tharsisi alikirithi kwa babu yake. Kila mwaka mvua za Novemba zikishakolea, alikifunika kwa fito na majani, akaacha tundu moja, na kumbikumbi waliporuka walitumbukia kwenye shimo alilochimba. Hukaangwa bila mafuta, kwa chumvi tu, maana mafuta wanayo wenyewe. Na bakuli la kwanza haliliwi nyumbani kwa mwenye kichuguu. Linatoka nje, linapelekwa kwa mtu ambaye nyumba hiyo inataka kumheshimu, na mpaka huyo aonje, hakuna wa nyumbani atakayetia hata mmoja mdomoni.

Mwaka wa tatu wa darasa, mjukuu wa Tharsisi, Leonidasi, alipoanza kupiga piano na kuacha kurushia mawe magari ya kambi, mzee alikuja ukumbini na bakuli. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata kwa padri.

"Akira, Mwalimu," alisema, yaani pokea. Theodosia akapokea kwa mikono miwili, akala. Mzee akawageukia wazazi waliokuwa mlangoni. "Huyu kuanzia leo si mgeni. Ameshakula cha kwangu."

Serikali ilishampa Theodosia cheti cha uraia, na alikuwa amekitia kwenye fremu. Lakini cheti hakikuwahi kumliza. Bakuli lilimliza. Miaka minne mfululizo lilimjia, na kila mwaka alilia kidogo, akasingizia pilipili ambayo haikuwemo.

Mwaka wa saba wa darasa, barua ikaja. Watoto wa kambini hawatoki bila kibali, na vibali vyao vya Jumamosi vilikuwa vinatolewa mwezi kwa mwezi, kwa kusuasua. Sasa wakubwa wa kambi walitaka kumaliza jambo. Wangekuja wenyewe Jumamosi ya mwisho ya Novemba, wawaone watoto, wasikilize, kisha ama watoe kibali cha mwaka mzima, ama wafunge kabisa. Theodosia aliisoma barua mara tatu. Akawachagua Leonidasi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, na Nadège, binti wa Kikongo wa miaka kumi na minne ambaye vidole vyake vilikuwa na akili kuliko watu wengi wazima. Akawaambia wazi kwamba kila kitu kiko mabegani mwao. Hakuwa mwalimu wa kubembeleza.

Katikati ya Oktoba sauti tatu za chini za piano zikanyamaza. Abdalah aliitwa, akafungua ubao wa chini wa piano, akachomeka bisibisi kwenye mguu. Ikazama yote.

"Dada Theodosia, wameingia," alisema. "Mchwa. Angalia, ni unga mtupu."

"Wametoka wapi?"

"Ningeivuta nikaona nyuma. Lakini tukiisogeza sasa inapasuka, na shughuli yako imekaribia. Acha niikaze kwa vyuma, ifike siku hiyo. Baada ya hapo tutaivuta tujue."

Theodosia alitazama dirishani. Kichuguu kilikuwa pale pale, hatua kumi na tano, chekundu, kimenona kwa mvua za kwanza. Hakuhitaji kuambiwa na fundi. Miaka minne alikuwa akiwala hao, na hao walikuwa wakimlia piano yake.

Mtu mwingine angetembea hatua hamsini hadi nyumbani kwa Tharsisi akamwambia, mzee, nina tatizo. Theodosia alijaribu. Siku mbili alipanga maneno kichwani, na kila alipofika kwenye neno "kichuguu chako" alimwona mzee akitoa kofia, akimtazama, na kusema kumbe. Alijua jinsi watu wanavyosema kumbe kwa Mrundi. Mwanamke aliyewakalisha watoto wa watu benchi moja ili wajifunze kusemezana, yeye mwenyewe mdomo ulimshinda. Bakuli lilimziba.

Basi akaenda Kasulu, akanunua dawa ya maji ile wanayopulizia tumbaku. Akasubiri Jumatano, siku ya gulio, saa sita mchana, kijiji chote kikiwa sokoni. Akavaa glavu za jikoni, akazunguka kichuguu, akamimina kwenye kila tundu la hewa aliloliona. Ilimchukua dakika chache. Alijiambia watafia ndani kimya kimya, Novemba hawataruka, na Tharsisi atalaumu mvua. Mwakani angemletea zawadi kubwa, kitenge kwa mkewe, kitu kama hicho. Alinawa mikono mara nne, akaenda kufundisha.

Wiki mbili baadaye Abdalah alikuja kukaza vyuma, akagonga ubao kwa kidole, akasikiliza. "Bado wamo," alisema.

"Ni mabaki hao," Theodosia akamjibu. "Watakwisha." Fundi akamtazama, hakuuliza mabaki ya nini.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa shughuli, Theodosia alishinda kambini akifuatilia vibali vya watoto ishirini na wawili, kutoka meza hii hadi meza ile. Mvua kubwa ilimkuta huko. Hakujua kwamba jua lilipochomoza baada ya mvua hiyo, kichuguu cha Tharsisi kilifunguka na kumbikumbi wakaruka kwa wingi ambao mzee hakuwa ameuona kwa miaka sita.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya plastiki: afisa wa vibali, mwanamume mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, na wenzake watatu. Wazazi wa kijijini walikaa kulia, wa kambini kushoto, kama mafuta na maji. Leonidasi na Nadège waliinama, wakakaa kwenye benchi lao, wakaanza.

Walipiga vizuri. Hata anayemchukia Theodosia, na sasa ni wengi, hakatai kwamba walipiga vizuri. Upande wa chini ulikuwa wa Leonidasi, na zile sauti tatu zilizokufa zilikuwa zake. Mara ya kwanza alipogonga kibao kisichotoa kitu, aliiimba sauti hiyo kwa mdomo, mm, bila kusimamisha mikono. Watu wakacheka. Mara ya pili Nadège naye akaimba pamoja naye. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na mama mmoja wa kambini na mama mmoja wa kijijini walikuwa wanaiimba sauti ile ile midomo imefumba, bila kujua. Theodosia alifurahi mno.

Afisa alisimama mwenyewe. Alisema yeye si mtu wa muziki, lakini ameelewa. Alisema kibali ni cha mwaka mzima, na kwamba atakitia sahihi hapo hapo. Akatoa kalamu moja kati ya mbili.

Wakati huo Mzee Tharsisi aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia kichwani, na bakuli mikononi. Nyuma yake alikuja mama yake Leonidasi na sinia la vibakuli vya wageni.

"Akira, Mwalimu," mzee alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "La kwanza ni lako. Mwaka huu wamekuja wengi mno, hata mimi nashangaa. Nyumbani hatujaonja. Tulikungoja wewe."

Theodosia alilitazama bakuli. Kumbikumbi walikuwa wamekaangwa vizuri, wekundu, wanang'aa kwa mafuta yao. Harufu ilikuwa ile ile ya miaka yote.

"Leo nimefunga, Mzee," alisema.

"Umefunga siku ya furaha?" Mzee alicheka. "Haya, basi waonje watoto wako kwa niaba yako. Ni mkono wako huo huo."

Nadège alikuwa amekwisha kusogea. Posho ya kambini ilikuwa imepunguzwa tena mwezi ule, na msichana alikuwa amepiga sonata nzima tumbo likiwa tupu. "Ah, Mama Mwalimu, kwetu tunakulaka hizi!" alisema. "Maman anazipendaka sana." Akachota kiganja kizima.

Theodosia alimpiga mkono. Kumbikumbi wakamwagika sakafuni. Kwa kishindo hicho hicho bakuli likamtoka Tharsisi, likavunjika. Kumwaga bakuli la kwanza ni tusi ambalo watu hawakuwa na jina lake, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Angeweza kuishia hapo. Angeitwa mwenye dharau, kichaa, angeomba radhi kwa magoti, na pengine kwa miaka wangemsamehe. Lakini sinia lilikuwa limefika viti vya mbele, na afisa alikuwa ameweka kalamu chini ili achukue kibakuli.

"Msile!" alipiga kelele. "Msile, wana sumu. Nilimwagia dawa kichuguu. Mimi. Niliwamwagia dawa."

Hakuna aliyemrukia. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Mama yake Leonidasi aliweka sinia chini polepole, akajifuta mikono kwenye kanga, akaitazama mikono hiyo. "Nimewakaanga mwenyewe," alisema. "Mtoto alikuwa ananililia toka asubuhi, anataka kuonja. Nikamchapa kibao nikamwambia subiri mwalimu wako aonje kwanza." Halafu akaanza kulia kwa sauti, na hapo ndipo wanaume waliposimama. Mtu fulani nyuma alisema Mrundi ni Mrundi tu, na wazazi wa kijijini wakaanza kuwavuta watoto wao kutoka kwenye mabenchi, wengine kwa shati, wengine kwa sikio. Leonidasi alishika ukingo wa piano. Ilibidi mama yake ambandue vidole kimoja kimoja.

Kuku wanne wa Tharsisi, waliookota makombo uani asubuhi ile, walikutwa miguu juu kabla ya saa kumi.

Theodosia alilala kituo cha polisi siku mbili. Alitoka kwa sababu Tharsisi alikwenda akasema hana malalamiko, hakuna mtu aliyedhurika, na kuku ni kuku. Barua ya vibali ilikuja na mistari miwili: watoto wa kambini wasitoke tena, kwa usalama wao. Kigango kilitaka ukumbi wake ndani ya wiki. Nadège alimtumia salamu kwa mtu mmoja wa kambini kwamba ubao wake ungalipo, anaendelea, lakini hajui Leonidasi amefika wapi kwenye upande wake, kwa hiyo anapiga nusu tu.

Abdalah alikuja na vijana watatu kuiondoa piano. Walipoivuta ilifanya kama alivyosema, ikapasuka katikati, nyuzi zikalia zote kwa pamoja na kunyamaza. Vijana wakaruka pembeni. Fundi akapiga magoti nyuma ya mabaki na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu.

"Dada," alisema hatimaye. "Njoo uone mwenyewe."

Njia ya udongo, nyembamba, ilitoka kwenye mguu wa piano, ikatambaa sakafuni kiganja kimoja, ikaingia kwenye rundo la mbao zilizochorwa. Abdalah aliinua ubao wa juu. Ulikuwa mwepesi kama karatasi. Wa chini yake haukuinuka, ulibomoka, na ndani yake wadudu weupe wadogo walikimbia huku na huko wakikwepa mwanga. Alifagia rundo lote kwa mguu hadi ukutani. Ukuta wa upande wa kichuguu ulikuwa mkavu na mzima, hauna hata ufa.

Theodosia aliuokota ubao mmoja ambao rangi yake ilikuwa haijafutika vizuri. Alitambua ulikuwa wa nani. Ulimvunjikia mkononi.

Hakusubiri kesho. Alizianza zile hatua hamsini ambazo zilimshinda Oktoba, na kabla hajafika mbali akamkuta Mzee Tharsisi kwenye kichuguu chake akizibua matundu kwa kijiti, moja baada ya jingine, akiyanusa. Alisimama mbele yake akamweleza yote: mbao, njia ya udongo, ukuta mzima. Alisema hawakuwa wale wa kwake. Alisema amekosa.

Mzee hakuinua kichwa. "Najua hawakuwa hawa," alisema. "Hawa hula majani makavu na nyasi. Mbao hawazigusi. Hata Leonidasi anajua hilo."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Hukuniuliza."

Alichomeka kijiti kwenye tundu lingine, akakizungusha, akakitoa hakina kitu. Kisha akamgusa mguu kwa kijiti hicho, kwa upole, kama mtu anavyomsogeza asiyemjua.

"Sogea kidogo, mgeni," alisema. "Umesimama juu ya tundu."